Walitoka mara mbili: jibu kwa vijana wanaobishana kuhusu Maroon 5

Swali: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana watano wa Tanga, wikiendi tunapiga muziki hotelini. Nyimbo za Maroon 5 tunazipiga sana kwa sababu wageni wanazipenda. Juzi tumebishana hadi usiku. Mwenzetu wa kibodi anasema wale jamaa walitoka kwa kiki ya The Voice tu, bila televisheni wangeshasahaulika. Mimi nasema walikuwa wakubwa kabla ya hapo. Nani yuko sahihi? Na ni nini hasa kiliwatoa?"

Marahaba. Ubishi umeshinda wewe, tena kwa miaka saba. The Voice, shindano la kuimba ambalo mwimbaji wao Adam Levine alikuwa mmoja wa makocha, ilianza kurushwa na NBC, televisheni ya Marekani, Aprili 2011. This Love ilishafika nafasi ya 5 kwenye chati kuu ya nyimbo Marekani, Billboard Hot 100, mwaka 2004, na Februari 2005 jamaa walikuwa wamebeba tuzo ya Grammy mkononi. Ila usimcheke mwenzako bado. Andikeni kwenye karatasi nyimbo zao mnazopiga hotelini. Kama ni Moves Like Jagger, Payphone, Sugar na Girls Like You, zote hizo zimezaliwa baada ya televisheni, na hapo mpiga kibodi wenu ana lake la kusema.

Mimi nahesabu hivi: walitoka mara mbili, na kabla ya hizo mara mbili walianguka vibaya. Hilo anguko watu hulipita haraka wanaposimulia, na mimi naona ndiko kila kitu kilikoanzia.

Mwaka 1994 wanafunzi wanne wa shule ya Brentwood, Los Angeles, waliunda bendi wakaiita Kara's Flowers. Adam Levine aliimba na kupiga gitaa, Jesse Carmichael naye gitaa, Mickey Madden besi, Ryan Dusick drams. Levine alikuwa na miaka 15. Brentwood ni shule ya watoto wa wenye nazo, kwa hiyo tusidanganyane kwamba walianza na gitaa la kuazima. Na mji wenyewe ni mtaji. Kwingineko ukipiga kwenye sherehe ya ufukweni utapata soda na nauli. Wao walipiga kwenye sherehe ya ufukweni Malibu, akawasikia prodyuza. Kabla hawajamaliza shule wakawa na mkataba na Reprise, lebo iliyo chini ya Warner, na wakapewa Rob Cavallo awarekodi. Huyu ndiye aliyekuwa ametoka kutengeneza albamu ya Dookie ya bendi ya Green Day, iliyouza mamilioni.

Sasa pigeni hesabu ya kila kitu ambacho bendi changa huomba Mungu: lebo kubwa, prodyuza mwenye jina, hata kuonekana kwenye tamthilia ya Beverly Hills, 90210, iliyokuwa inaangaliwa na nusu ya vijana wa Marekani. Vyote walivipata. Albamu yao, The Fourth World, ikatoka Agosti 1997 na kuuza kama nakala 5,000. Nchi nzima. Kufika 1999 hawakuwa na lebo.

Itafuteni muisikilize, inasikilizika. Shida ni kwamba ukifumba macho huwezi kusema ni akina nani. Magitaa mawili mazito yanapiga kitu kilekile kwa pamoja, drams zinakwenda moja kwa moja kama treni, na sauti ya Levine, ambayo leo mnaijua hata ikitokea redioni kwa jirani, imebanwa katikati kama abiria wa kati kwenye daladala. Bendi za namna hiyo Marekani mwaka 1997 zilikuwa nyingi, na zilizowatangulia zilikuwa zinafanya vizuri kuliko wao. Watoto walikuwa wanapiga muziki wa kaka zao.

Baada ya hapo wakatawanyika. Madden na Dusick walikwenda kusoma chuo kikuu cha UCLA, palepale mjini. Levine na Carmichael wakavuka nchi nzima hadi chuo cha Five Towns, Long Island, jimbo la New York. Hawakukaa sana huko, na kama walifaulu mtihani wowote hilo halinihusu. Kilichowabadilisha kilitoka mabwenini: gospo, R&B na hip hop, muziki ambao kwao Brentwood haukuwa sauti ya kila siku. Levine amekuwa akikisimulia kipindi hicho kwenye mahojiano tangu wakati huo, na ukisikiliza kilichofuata huna sababu ya kumkatalia.

Hapa nawaomba mshike vyombo. Pigeni Sunday Morning. Wimbo mzima umekaa juu ya kodi tatu (si kodi ya serikali, ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja): Dm7, G7, Cmaj7. Zinazunguka tu, ubeti na kiitikio. Huo ni mzunguko wa kwanza kabisa anaofundishwa mwanafunzi wa jazi, kila mwalimu wa muziki anaujua, nami nimewachosha nao wanafunzi wangu kwa miaka. Bendi ya roki ya 1997 isingeuthubutu, ingeona ni muziki wa wazee hotelini. Wao waliuchukua, wakauwekea drams zenye uvivu wa hip hop, besi ikapewa nafasi ya kutembea, na juu yake sauti ya Levine ikapata hewa. Kisha nendeni kwenye This Love. Angalieni piano ile ya mwanzo inavyokatwakatwa: inagonga, inanyamaza, inagonga. Gitaa nalo halimwagi sauti, linachomeka vipande vifupi kwenye zile nafasi, mkono wa kushoto ukiziba nyuzi mara tu zinapolia. Yaani vyombo vyote vimegeuka ngoma. Ndiyo maana mtu anatikisa kichwa kabla hajasikia neno hata moja, na ndiyo maana wageni wenu wasiojua kucheza wanajaribu.

Mkibishana tena juu ya kilichowatoa, anzieni hapo. Sura ya Levine ilisaidia, sikatai. Lakini sura hiyohiyo ilikuwepo 1997.

Mabadiliko hayo yalihitaji mtu wa ziada. Carmichael alihamia kwenye kibodi, gitaa likabaki pengo, na mwaka 2001 wakamchukua James Valentine, kijana wa Lincoln, Nebraska. Wakawa watano. Jina nalo wakalibadilisha, kwanza Maroon tu, na kwa kuwa kulikuwa na bendi nyingine yenye jina hilo, wakaongeza 5. Maroon ni ile rangi tunayoiita damu ya mzee. Kwa nini damu ya mzee? Wamekataa kusema hadi leo.

Lebo iliyowachukua safari hii haikuwa kubwa. Octone ilikuwa kampuni changa ya New York, yenye wasanii wa kuhesabika kwa vidole, lakini ilikuwa na ubia na J Records ya Clive Davis, mzee aliyewahi kumlea Whitney Houston. Mpango ulikuwa wa akili sana. Octone inawalea kwanza, taratibu, kwa gharama ndogo: shoo za kumbi ndogo, redio moja moja, mji mmoja mmoja. Mauzo yakionyesha dalili, ndipo lile shirika kubwa linaingia na misuli yake. Linganisheni na Reprise. Lebo kubwa ina wasanii wengi mlangoni. Wimbo wako wa kwanza usipobamba ndani ya miezi michache, umekwisha, foleni inasonga. Octone haikuwa na foleni. Ilikuwa na bendi hii na wenzao wachache tu, kwa hiyo ilibidi iwe na subira hata kama haikutaka.

Subira yenyewe haikuwa ya kimyakimya. Albamu ilipokaribia kukamilika, wakubwa waliona haijashiba, wakadai nyimbo zaidi. Levine akachukia. Kwa hasira zile akaandika Harder to Breathe, wimbo wa mtu anayekabwa koo, na lebo ikautoa kuwa singo ya kwanza. Nimeishi na wanamuziki miaka mingi na bado hiki kisa kinanichekesha: waliokabwa ni wao, waliokaba ndio walioupeleka wimbo redioni.

Songs About Jane ilitoka Juni 25, 2002. Jane alikuwa mpenzi wa Levine waliyeachana. Albamu haikufanya lolote la kuandikiwa gazeti. Mwaka ukaisha. Hapo ndipo ile kazi ya kuchosha ilipofanyika. Walipanda kwenye gari, wakafungulia shoo za wengine. Mwimbaji na mpiga gitaa John Mayer, aliyefahamiana na Valentine tangu kambi ya muziki ya chuo cha Berklee, aliisikia albamu akawaita wamfungulie mwaka 2003. Mwaka huohuo wakaifungulia bendi ya Matchbox Twenty. Ninyi mnajua kufungulia kulivyo: watu bado wanatafuta viti, fundi mitambo amekupunguzia sauti ili bwana mkubwa akipanda asikike zaidi, na una nusu saa tu.

Wakati huohuo wimbo ulikuwa unapanda ngazi za redio. Lazima muelewe redio za Marekani. Stesheni moja haipigi kila kitu kama zetu. Kuna za roki ya vijana, kuna za nyimbo kali za chati, kuna za watu wazima wanaoendesha kwenda kazini. Wimbo wa roki mara nyingi hufia kwenye mlango wa kwanza. Maroon 5 walikuwa na funguo tatu kwenye albamu moja. Harder to Breathe ilikuwa na magitaa ya kutosha kupigwa kwenye roki, kisha ikavuka kwenda kwenye chati hadi nafasi ya 18 ya Hot 100, mwishoni mwa 2003, zaidi ya mwaka mmoja tangu albamu itoke! This Love ikaingia mlango wa vijana wa chati kama mwenye nyumba. She Will Be Loved, polepole, ya kuimbwa na mama akiwa jikoni, ikachukua mlango wa watu wazima, nayo ikafika nafasi ya 5. Albamu yenyewe ilifika kilele chake Marekani, nafasi ya 6, mwaka 2004, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka miwili. Uingereza ikashika namba moja.

Nataka mwenzenu wa kibodi aitazame hiyo miaka miwili. Albamu za siku hizi zikipitisha wiki mbili bila kelele zinazikwa.

Grammy waliyopewa Februari 2005 ni ya msanii bora mpya. Wapya! Wanne kati yao walikuwa pamoja tangu 1994, na walikuwa na albamu ya zamani iliyokwishakufa. Kwenye kinyang'anyiro kile alikuwemo Kanye West, na wapo wanaonung'unika mpaka leo. Mimi pia nadhani Kanye alistahili, lakini tusiingie huko.

Gharama ya safari hizo ililipwa na mmoja. Ryan Dusick, mpiga drams, alikuwa na bega lililoumia tangu alipokuwa akirusha mipira ya besiboli shuleni. Kupiga usiku baada ya usiku kwa miaka kulimmaliza mishipa ya mkono. Alianza kukosa shoo, wengine wakimshikia, na mwaka 2006 ikatangazwa kwamba ametoka. Nafasi yake alichukua Matt Flynn. Sikilizeni tena mdundo wa Songs About Jane mkijua hilo. Dusick baadaye alisomea ushauri wa afya ya akili, ndiyo kazi anayofanya. Na ninyi, mpiga drams wenu akilalamika bega, msimwambie anadeka.

Albamu ya pili, It Won't Be Soon Before Long, Mei 2007, haikusubiri mtu. Iliuza nakala 429,000 wiki ya kwanza, namba moja moja kwa moja. Wimbo wake wa Makes Me Wonder uliruka kutoka nafasi ya 64 hadi ya 1 ndani ya wiki moja, jambo ambalo hakuna wimbo uliokuwa umelifanya kwa umbali huo. Siri yake ni ya kihasibu zaidi kuliko ya kimuziki: wimbo ulikuwa tayari redioni, ukaingia chati kwa nguvu ya redio peke yake, halafu ukawekwa sokoni kwenye intaneti na watu waliokuwa wanausubiri wakaununua kwa mpigo. Hapo mlima wa kwanza ulikuwa umepandwa. Nyimbo walikuwa wanaziandika wenyewe, na bado walikuwa bendi kwa maana yetu ya bendi.

Sasa zamu ya mwenzako.

Mwaka 2009 walikwenda Uswisi kurekodi na Robert John "Mutt" Lange, prodyuza wa AC/DC na Shania Twain. (Huyu Lange alizaliwa Mufulira, mji wa migodi ya shaba, Zambia. Mnaweza kuwatambia wageni wenu.) Albamu ya Hands All Over ilitoka Septemba 2010, ikauza 142,000 wiki ya kwanza. Iwekeni kando ya ile 429,000 muone. Ndiyo, soko zima la albamu lilikuwa linaporomoka, lakini hata singo yao ya Misery iliishia nafasi ya 14. Haikuwa aibu. Ilikuwa tu ile hali tunayoijua: msanii anachuja huku bado anajaza kumbi.

Kisha Levine akakaa kwenye kile kiti chekundu kinachozunguka cha makocha wa The Voice. Kila wiki mamilioni ya watu, wengi wao wasiojua jina la mwimbaji wa This Love, wakamwona akitania, akibishana, akisifia watoto wa watu. Juni 2011, kwenye kipindi hichohicho, wakapiga Moves Like Jagger pamoja na Christina Aguilera aliyekuwa kiti cha jirani. Septemba ikawa namba moja. Lebo ikaitoa upya Hands All Over ikiwa na wimbo huo ndani. Kama hiyo si kiki, sijui kiki ni nini.

Lakini angalieni kilichobadilika chini ya kiki. Moves Like Jagger haikuandikwa na bendi. Levine aliiandika na Benny Blanco, Shellback na Ammar Malik, mafundi wa kutengeneza nyimbo za chati. Ilikuwa mara ya kwanza wao kufanya hivyo kwenye singo, na baada ya hapo hawakurudi nyuma. Albamu ya 2012 iliitwa Overexposed, jina la kujikejeli, kama mtu anayesema mwenyewe kwamba ameonekana mno. Msimamizi wake mkuu alikuwa Max Martin, Mswidi aliyewapa Britney Spears na Backstreet Boys nyimbo zao. One More Night ya albamu hiyo ilikaa kileleni wiki 9, na iliyozuiwa nafasi ya 2 wiki kadhaa ilikuwa Gangnam Style, ile iliyokuwa inachezwa hadi kwenye harusi zetu. Girls Like You na Cardi B, mwaka 2018, ikakaa wiki 7.

Kwa chati, kipindi hiki kinakizidi kile cha kwanza, hakuna ubishi. Kwa masikio yangu ni jambo lingine. Chukueni Payphone mtafute gitaa la Valentine. Lipo, lakini ukilitoa wimbo unaendelea kutembea kama kawaida. Litoeni kwenye This Love, wimbo unaanguka. Ndiyo sababu nyimbo za kipindi cha pili mnazipiga kirahisi hotelini hata kibodi ikiwa na hitilafu, na za kipindi cha kwanza zinawatoa jasho mkikosa mazoezi. Carmichael mwenyewe alipumzika bendi mwaka 2012, akarudi 2014. Wakati hayupo kibodi ilishikwa na PJ Morton, mtoto wa mchungaji wa New Orleans, aliyekulia kwenye gospo ileile waliyoikimbilia akina Levine wakiwa chuoni. Aliporudi Carmichael, Morton naye akabaki.

Kwa hiyo mwambie mwenzako: televisheni haikuwatoa, iliwarudisha. Na yeye akujibu kwamba wengi wanaorudishwa hudumu msimu mmoja, hawa wamedumu zaidi ya muongo. Atakuwa sahihi pia.

Kuhusu lile mliloandika chini ya barua, kwamba kati ya wale wanne wa shule wamebaki wangapi: wawili. Dusick nimeshamweleza. Madden aliondoka 2020, na besi anashika Sam Farrar, aliyekuwa kwenye bendi ya Phantom Planet. Meneja wao, Jordan Feldstein, rafiki wa Levine tangu utotoni, alifariki Desemba 2017. Albamu ya Jordi ya 2021 imebeba jina lake. Waliobaki ni Levine na Carmichael, walewale wawili waliopanda ndege kwenda Long Island.